Taa kubwa za sikukuu: tengeneza mwenyewe mwezi, nyota na kandili la mtaa mzima kwa pesa kidogo

Kabla hujatoa hata shilingi mfukoni lijue hili, ukubwa wa pambo la taa hautoki kwenye taa, unatoka kwenye kiunzi. Waya mmoja wa vimulimuli wa mita 10 ukiurusha juu ya ukuta unaonekana kama kitu kilichosahauliwa pale, lakini waya huo huo ukiuzungusha kwenye mwezi wa mita mbili mtu anauona tangu mwisho wa mtaa, na taa ni zile zile na umeme ni ule ule. Wengi wanakwenda madukani Darajani au Mchangani, Unguja mjini, wanauliza bei ya mapambo makubwa yaliyokwisha kutengenezwa, wakisikia bei wanarudi zao wamevunjika moyo, au wanaishia kununua waya nne tano za bei ya chini kabisa ambazo kumi la kati la Ramadhani halijaisha nusu yake zishakufa. Mie ninavoona pesa yako yote iende kwenye waya mmoja mzuri na adapta yake, kiunzi kitafute bure au karibu na bure, mana vitu vya kiunzi Unguja na Pemba tumevikalia: mianzi, fito za masalio ya ujenzi, mpira wa maji, madema mabovu (ile mitego ya samaki ya kusuka), chupa, bafta, kamba ya usumba.

Na jengine, msigawane vidogo vidogo. Nyumba tano za jirani kila moja ikitundika kijiwaya chake mtaa hauonekani kitu, lakini nyumba hizo hizo zikichanga mkafanya pambo moja kubwa mkaliweka pale watoto wanapopita kwenda tarawehe, mtaa mzima umependeza. Hoteli za pwani zinawaka mwaka mzima, sasa mwezi mtukufu ukiingia na sikukuu ikikaribia Jang'ombe nayo, Kikwajuni, Wete, Konde, vijijini huko kote wanastahiki kitu cha kumfanya mtoto amvute babaake mkono wasimame waangalie.

Kwanza ukubwa

Usikisie. Chukua ufito au kuti refu, mwenzako alisimamishe pale pale mtakapotundika, wewe nenda mpaka mwisho wa njia kisha geuka uangalie, urefu wa ule ufito unaouona vizuri ndo urefu wa pambo lako. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe sentimita 60 au 70 inatosha kabisa, mana mtu analiona akiwa karibu, na ukiweka kitu cha mita mbili utaziba njia ya watu na vespa. Mtaa wa wazi anza na mita moja na nusu. Waliopo kwenye maghorofa ya Michenzani, roshani za juu, chini ya mita mbili msijisumbue, kutoka barabarani halionekani.

Mwezi

Huu ndo nnaoupenda kuliko vyote na ndo wa kuanzia. Kiunzi chake kizuri ni mpira mweusi wa maji wa nusu inchi, ule mgumu unaouzwa umezungushwa, mana ushajipinda tangu dukani na unataka wenyewe kuwa duara, hupigani nao. Mita 9 zinatosha. Na kwa vile ni mweusi usiku hauonekani, zinaonekana taa tu. Uweke juani kwanza kwa muda wa saa moja ulainike.

Sasa tafuta uwanja wa mchanga, ufagie. Piga kigingi katikati, funga kamba ya mita 1, zunguka nayo uchore duara. Kisha kutoka kwenye kile kigingi pima sentimita 35 kwenda upande mmoja, piga kigingi cha pili, funga kamba ya sentimita 80, chora duara la pili. Utaona duara la pili limelikata la kwanza sehemu mbili, pale ndo ncha za mwezi, sehemu zisizotakiwa zifute kwa mguu. Hapo umepata mwezi wa urefu wa mita 2 wenye tumbo la sentimita 55. Kama unautaka mwembamba zaidi, ule wa mwandamo hasa, sogea sentimita 25 badala ya 35 na kamba ya pili iwe ya 85, tumbo litashuka hadi 40. Mie napendelea huu mwembamba kwa Ramadhani, ule mnene unapendeza zaidi sikukuu ukiweka na nyota ndani yake.

Ulaze mpira juu ya mchoro, piga vigingi vidogo huku na huku ukae sawa. Mkono wa nje unachukua kama mita 4.7 na wa ndani kama 3.2, yaani jumla karibu mita 8. Kwenye ncha kata mpira mshazari, chomeka kijiti kinachobana ndani ya vipande vyote viwili, zungushia waya wa kufungia nondo. Halafu weka mbavu, vipande vinne au vitano vya mwanzi kutoka mkono wa nje kwenda wa ndani, na ufito mmoja mrefu kutoka ncha hadi ncha, huu wa ncha usiuache hata kidogo mana bila yake mwezi ukishatundikwa unafunguka wenyewe taratibu unageuka ndizi. Mbavu na ufito uzipake rangi nyeusi. Kufungia, waya wa nondo ni mwepesi kuliko vyote lakini unashika kutu haraka na chumvi yetu hii, kamba ya usumba inakaa zaidi na haikati mpira, iloweshe kidogo kabla ya kufunga kisha kaza kwa nguvu zako zote.

Kuhusu fito neno moja, msiende kukata mikoko kwa ajili ya pambo la mwezi mmoja. Mikoko ni mazalio ya samaki na ndo inayoshika fukwe zetu zisiliwe na bahari, na mwanzi unafanya kazi ile ile. Masalio ya fito kwenye nyumba zinazojengwa pia yapo mengi, omba utapewa.

Wenye paipu za plastiki za kupitishia waya za umeme wanaweza kuzitumia, hizo zinakuwa ngumu zaidi ila lazima zipashwe moto ndo zipinde. Chemsha mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu juu ya seredani, umimine ndani ya paipu, subiri ilainike, pinda juu ya mchoro wako. Usiiweke paipu kwenye moto wenyewe, moshi wake ni mbaya sana kifuani, na kazi hii ifanye nje watoto wakiwa mbali.

Taa zifunge ukianzia upande wa plagi, na upande wa plagi uwe chini ya mwezi ili waya ushuke bila kupita tena juu ya pambo. Ziwashe kwanza ujue zote zinaishi, ndo ufunge, kila sentimita 15 kitai kimoja, vile vitai vya plastiki vya kufungia waya, au vipande vya kamba ya nailoni. Usikaze mpaka ukaukata waya. Kama mita 10 imebaki mita 2 za taa usizizungushe ovyo ovyo kwenye ncha, mwezi unaharibika umbo, zirudishe kwa nyuma kwenye mbavu uzifunike na tepu nyeusi.

Nyota

Nyota haihitaji ufundi. Vijiti vitano vinavyolingana, basi. Vya mita moja moja vinatoa nyota ya kama mita moja, vya sentimita 60 vinatoa ya kutia katikati ya mwezi. Kwenye kila kijiti weka alama mbili, kila alama iwe mbali na ncha yake kwa sentimita 38 ikiwa kijiti ni cha mita moja, au 23 ikiwa ni cha 60, hapo kwenye alama ndo vijiti vinapokatana. Funga kwanza ncha zote tano kisha vuta vile vijiti mpaka alama zikutane, ukifunga na zile alama nyota imekaa ngumu wala haiyumbi. Bila alama utahangaika nayo mchana kutwa na mguu mmoja utakuwa mrefu.

Dema

Sasa hapa ndo raha ilipo. Kandili kubwa kuliko yote la kutengeneza nyumbani lishasukwa tayari na wazee wetu wa pwani, ni dema. Dema la kusuka lenye yale macho ya pembe sita, likishatoboka samaki haliwashiki tena na mara nyingi linaishia kutupwa au kuchomwa, wewe nenda dikoni asubuhi wakati vyombo vinaingia, amkia watu vizuri, uliza kama kuna dema bovu mtu hana haja nalo. Mpe chochote. Hata likiwa na tundu upande mmoja si neno, upande huo utaugeuza juu au ukutani.

Ukilifikisha nyumbani usikimbilie kutia taa. Dema limekunywa bahari miaka, na chumvi inavuta unyevu, unyevu wenye chumvi unapitisha umeme na unakula shaba ya waya. Kwahiyo liloweshe maji baridi ya mfereji, sugua na brashi uondoe magamba na vikome vyote, lisuuze tena, kisha lianike juani siku kadhaa mpaka usisikie harufu. Likikauka unaweza kulipaka varnishi, au ukaliacha na rangi yake, mie naliacha.

Ndani yake una njia mbili na chagua moja, usichanganye. Ya kwanza ni kuzungusha waya wa taa ndogo ndogo ndani kwa ndani bila mpango, linakuwa kama limejaa nyota. Ya pili, na hii ndo inayofanya kitu kiwe kikubwa kweli kweli, ni kuweka globu moja tu ya LED katikati. Ile globu inatupa vivuli vya macho ya dema kwenye kuta zote za uwanja, kwenye sakafu, kwenye dari ya kibaraza, yaani dema la mita moja linageuka pambo la mita tano au sita kwa globu moja. Lakini aina ya globu ina maana hapa. Ukiweka ile ya plastiki nyeupe iliyofifishwa vivuli vinatoka vimepauka huvioni vizuri, tafuta ile ya kioo kilicho wazi yenye vijinyuzi vya LED ndani, mwanga wake unatoka sehemu ndogo na ndo mana vivuli vinakatika safi. Vivuli ukivitaka vikubwa zaidi isogeze globu karibu na macho ya dema, ukivitaka vidogo vya kulingana pande zote iweke katikati. Ukuta wa chokaa nyeupe ndo unaopokea vizuri kuliko wote, kwahiyo usilitundike mbele ya ukuta wa rangi nzito.

Angalia holda kabla ya kununua globu, nyumba nyingi zina holda za pini na globu nyengine ni za kuzungusha. Na dema litundikwe kwa kamba, pointi tatu kwenye mbavu zake nene, lisining'inie kwa waya wa umeme hata kama linaonekana jepesi.

Tenga, mgono, hata pakacha vinafanya kazi hivo hivo kwa udogo wake. Kawa za ukili za rangi zile za kufunikia chakula ukizigeuza zikawa kofia za globu kwenye kibaraza zinapendeza sana, lakini kwa LED tu, globu ya moto itazibabua.

Globu za chupa kubwa

Hizi ni zile mtu akiziona anadhani ni globu halisi imekuzwa. Unatumia chupa kubwa za maji za lita 18.9, za kwenye dispensa, zilizopasuka ambazo hazifai tena kutia maji. Shingo iwe juu. Zikiwa safi na wazi taa za ndani zinaonekana nukta nukta, kwahiyo chukua msasa laini usugue chupa nzima kwa nje mpaka ififie, hapo mwanga unasambaa chupa nzima inawaka. Rangi usijisumbue kupaka, kwenye plastiki inabanduka, nunua waya za taa zenye rangi yenyewe, chupa moja nyekundu, moja kijani, moja ya manjano. Shingoni vika kopo tupu la rangi la lita moja lililotobolewa katikati, lipake fedha kwa rangi ya kupuliza, ndo inakuwa kama kile kitako cha globu. Chini kabisa toboa kijitundu cha kutolea maji mana mvua itaingia tu, utake usitake.

Kwa ndani tumia zile taa za waya mwembamba wa shaba za USB, volti 5, zinapenya shingoni bila shida na hata waya ukichubuka haumuumizi mtu. Ubaya wake hazipendi safari ndefu, ukivuta waya wa USB mita nyingi taa za mwisho zinafifia, kwahiyo chaja iwe karibu, ndani ya dirisha. Chupa tano kwenye kamba moja kutoka nyumba hadi nyumba ya pili zinatosha kubadilisha uchochoro mzima.

Kandili la bafta

Nguzo nne za mwanzi za mita moja na nusu, mraba wa vijiti chini, mraba katikati, mraba juu, na juu kabisa vijiti vinne vinavyokutana ncha. Wamba bafta au shuka jeupe kuukuu, shona kwa mkono au piga gundi ya mbao, likaze lisilegee mana kitambaa kilicholegea kinaonekana nepi. Kanga kuukuu yenye rangi ya kung'aa ukiiwamba upande mmoja inatoa rangi nzuri sana na jina la kanga linasomeka usiku. Ukipenda nakshi, kata mapambo kwenye kadi nyeusi ubandike kwa ndani, usiku yanatoka kivuli juu ya kitambaa, fuata hata nakshi za mlango wa jirani yako, maua na minyororo.

Ndani globu moja ya LED ya wati 5 mpaka 9, safari hii ile nyeupe iliyofifishwa, inasambaza vizuri. Usitie chemli, usitie mshumaa, usitie kibatari, hata kama umeme umekatika na watoto wanalia. Bafta na moto havikai pamoja.

Umeme, na hapa someni vizuri

Umeme wetu ni volti 230 na hauna mzaha, zaidi kwenye mvua na chumvi. Waya za taa zinazouzwa ziko za aina nyingi. Zipo zinazoingia ukutani moja kwa moja, waya wote mpaka taa ya mwisho una umeme mkubwa, na zipo zenye adapta ndogo inayoshusha kuwa volti 12 au 24 au 31 hivi, na zipo za USB na za sola. Kama pambo liko pale mkono wa mtoto unapofika, au nje penye mvua, chukua zenye adapta au USB, uongeze pesa kidogo, na adapta yenyewe ikae ndani ya nyumba. Kwenye boksi tafuta herufi IP, IP20 ni ya ndani tu, IP44 inavumilia matone, IP65 inavumilia hata kumwagiwa maji. Kama boksi halina kitu, ihesabu ni ya ndani.

Waya wa kuingia ukutani moja kwa moja usiukate kuufupisha. Zile taa zimepangwa kwa mfuatano, zinagawana umeme, kila moja inachukua kama volti 2 mpaka 3, ukizitoa ishirini zilizobaki zinabebeshwa mzigo wa wenzao na zinaungua moja baada ya moja. Mkanda wa LED wa kubandika unakatika, lakini pale tu penye alama ya mkasi.

Mabati. Hili naliomba kila mtu alichukulie kwa uzito. Waya unaosugua ukingo wa bati kila upepo ukipiga, gamba lake linachubuka, na siku shaba ikigusa bati paa zima limeshika umeme, na anaeguswa ni yule anaetoa kijungu cha maji ya mvua asubuhi. Kila waya unapopita kwenye bati au kwenye nondo za dirisha uvishe kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa ubavu, ufunge. Misumari usiipige kuubana waya.

Pale plagi na soketi zinapokutana nje, ziinue kutoka chini, zivishe chupa ya maji iliyokatwa kitako mdomo ukiangalia chini, na waya ushuke chini kidogo kabla haujapanda kuingia, maji yadondoke pale kwenye tumbo la waya yasiingie ndani. Ekstensheni ya kuzungusha ifungue yote, ikibaki imezungushwa inapata moto. Usiunganishe waya kwenye waya kwenye waya mpaka zifike msikitini, angalia boksi limesema ngapi. Na kuvuta umeme kwenye nguzo ya barabarani, au kurusha kamba juu ya waya za ZECO, shirika letu la umeme, au kusimamisha ngazi ya chuma karibu nazo, hapana. Kama njia ya kutundika lazima ipite karibu na waya za nguzo, badilisha pahala.

Kama mnataka kuweka soketi mpya ya nje muiteni fundi umeme, na mwambieni aweke ile breka inayokata umeme ukivuja.

Kutundika

Ramadhani ya miaka hii imeshuka Februari na Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, maana yake upepo wa kaskazi uko juu na sikukuu inaweza kukutana na mwanzo wa masika. Mwezi na nyota na dema vina matundu upepo unapita, kandili la bafta halina, kwahiyo hilo liweke kibarazani chini ya paa. Kila kitu kifungwe pointi tatu, mbili juu na moja chini, ile ya chini ndo inayozuia pambo lisizunguke na kugonga ukuta usiku kucha.

Mji Mkongwe kuta ni mawe na chokaa, zinamomonyoka, na mji wenyewe umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, msipige misumari wala kutoboa. Funga kwenye nondo za dirisha au kamba kutoka roshani hii hadi ile, kwa ruhusa ya wenyewe wote wawili, na chini ya kamba ibaki nafasi ya kupita mtu alobeba mzigo kichwani.

Vimulimuli viwe vimetulia. Kile kidude cha kubonyeza kina mitindo mingi ya kukonyeza, bonyeza mpaka taa zisimame, pambo kubwa likikonyeza umbo lake halisomeki na jirani halali. Kumi la mwisho ndo zaidi, watu wako kwenye qiyamu, mwanga uliotulia ni adabu.

Uniti zinakwenda ngapi

Kidogo kuliko watu wanavodhani. Mwezi wati 6, nyota 3, globu ya dema 9, jumla wati 18. Ukiwasha saa 12 na nusu jioni mpaka saa 5 na nusu usiku ni masaa 5, yaani wati-saa 90 kila usiku, na kwa siku 30 ni uniti 2.7 tu za Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla. Globu moja ya zamani ya wati 100 kwa masaa hayo hayo ingekula uniti 15. Kwahiyo nyumba inayotoa umeme wa pambo la mtaa isidhulumiwe lakini pia isitishwe, nyumba tano zikichanga uniti moja moja inazidi. Umeme ukikatika zile za USB ziingize kwenye pawabenki, ya 10,000 mAh inaiwasha taa ya wati 3 karibu masaa 8, ila baadhi ya pawabenki zinajizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, jaribu kabla.

Ukishusha

Siku ya nne ya sikukuu ikipita shusha, usiache pambo linyeshewe masika yote. Taa zifute kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kisha kikavu, chumvi itoke, zikauke kivulini. Zizungushe kwenye kipande cha boksi, sio mkononi, mana zikitoka mkononi zinatoka fundo. Dema na mwezi vining'inize juu chini ya paa panya wasifike, vitahitajika tena sikukuu ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, na Maulidi ya Mfunguo Sita. Na kila adapta iandike kwa maka ni ya pambo gani na ni volti ngapi, adapta ya volti 24 ikiingizwa kwenye taa za 12 zinaungua pale pale.